Nabii, Karatasi na Mtambo wa Chapa: Mwanzo wa Dini ya Wamormoni

Makala nyingi zinazoeleza chimbuko la Wamormoni huanza kwa kuuliza kama Joseph Smith, mwanzilishi wao, alikuwa nabii wa kweli au mlaghai. Kwa kuwa swali hilo halijibiwi kwa nyaraka, msomaji aliyeamini huondoka na imani yake, na aliyekataa huondoka na shaka zake. Mimi nimefanya kazi ya kuhariri vitabu kwa miaka mingi, na labda ndiyo sababu kilichonivuta katika historia hii ni upande unaotajwa kwa haraka tu: miswada, karatasi, herufi za risasi na wapiga chapa. Kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba dini hii ilisimama kwa sababu ya kitu kilichochapwa, ilifukuzwa Missouri kwa kiasi fulani kwa sababu ya kitu kilichochapwa, na ilimpoteza mwanzilishi wake kwa sababu alikataza kitu kisichapwe.

Joseph Smith alizaliwa tarehe 23 Desemba 1805 huko Sharon, katika jimbo la Vermont, kwenye familia ya wakulima iliyohama mara kwa mara kutafuta riziki. Mwaka 1815 mlima Tambora, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, ulilipuka na kurusha majivu mengi angani, na mwaka uliofuata wakulima wa kaskazini-mashariki mwa Marekani waliona theluji ikianguka mwezi Juni na mazao yakifa shambani. Familia ya Smith ilikuwa miongoni mwa nyingi zilizofungasha na kwenda magharibi, nayo ikatua Palmyra, katika jimbo la New York. Eneo hilo lilikuwa likipitiwa na mawimbi ya uamsho wa kidini. Wamethodisti, Wapresbiteri na Wabaptisti waligombania waumini katika mikutano ya hadhara, na nyumba ya akina Smith yenyewe iligawanyika: mama, Lucy, alijiunga na Wapresbiteri pamoja na baadhi ya watoto wake, ilhali baba, ambaye jina lake pia lilikuwa Joseph, alijitenga na makanisa yote.

Waumini wa Kiswahili huliita Ono la Kwanza tukio ambalo Joseph alisema lilimpata msituni mwaka 1820, akiwa na umri wa miaka 14, alipokwenda kumwuliza Mungu ni kanisa gani lililo la kweli. Aliliandika kwa mara ya kwanza mwaka 1832, na katika maelezo hayo anasema alimwona Bwana na kusamehewa dhambi zake. Katika maelezo ya mwaka 1838, ambayo ndiyo yaliyoingia katika maandiko rasmi, anawataja wawili, Baba na Mwana, na ujumbe mkuu ni kwamba asijiunge na kanisa lolote. Wapinzani huona hapo hadithi inayokua, nao waumini huona mtu anayezidi kuelewa alichokiona tangu mwanzo. Ninachokipa uzito mimi ni kwamba Kanisa lenyewe limeyachapisha maelezo yote hayo na kuyaweka mbele ya umma, jambo ambalo vizazi vya zamani vya viongozi wake hawakuwa wepesi kulifanya.

Lipo jambo jingine la ujana wake lisilopaswa kufichwa wala kukuzwa. Watu wengi wa mashambani zama zile waliamini kwamba hazina zilizozikwa zinaweza kugunduliwa kwa msaada wa mtu mwenye kipaji, na Joseph alijulikana kuwa na jiwe la kutazamia, yaani jiwe lililoaminika kumwonyesha vitu vilivyofichika. Mwaka 1825 mkulima aliyeitwa Josiah Stowell alimwajiri kutafuta mgodi wa fedha uliosemekana kuachwa na Wahispania karibu na Harmony, Pennsylvania. Mgodi haukupatikana, na mwaka 1826 Joseph alifikishwa mbele ya hakimu huko Bainbridge, New York, kwa shughuli hizo. Hata hivyo ni huko Harmony alikokutana na Emma Hale, ambaye alifunga naye ndoa tarehe 18 Januari 1827 kinyume cha matakwa ya baba mkwe. Miezi minane baadaye, tarehe 22 Septemba 1827, Joseph alisema amekabidhiwa na malaika Moroni mabamba ya dhahabu yaliyokuwa yamefukiwa kwenye kilima kisicho mbali na kwao, yakiwa na historia ya watu wa kale wa bara la Amerika, ile ambayo baadaye ilichapwa kama Kitabu cha Mormoni.

Kuanzia hapo habari inakuwa ya maandishi. Joseph alitamka maneno aliyosema ni tafsiri ya mabamba hayo, na mwingine akaandika. Emma alikuwa mmoja wa waandishi wa mwanzo, na akiwa mzee alisimulia kwamba mume wake alikaa ameuinamishia uso ndani ya kofia yenye jiwe, huku mabamba yakiwa mezani yamefungwa kwa kitambaa cha kitani, na kwamba baada ya chakula aliendelea pale pale alipokuwa ameishia bila kuuliza asomewe sentensi ya mwisho. Mwaka 1828 kazi ya uandishi ilishikwa na Martin Harris, mkulima mwenye uwezo kutoka Palmyra, ambaye mke wake, Lucy, alichukizwa kuona fedha za nyumba zikielekea kwenye jambo asiloweza kulishika mkononi. Harris aliomba aruhusiwe kwenda na kurasa 116 zilizokuwa tayari ili akawaonyeshe jamaa zake. Alikataliwa mara mbili, na mara ya tatu akaruhusiwa kwa masharti.

Kurasa hizo hazikuonekana tena. Katika majuma hayo hayo mtoto wa kwanza wa Joseph na Emma alizaliwa na kufa siku ile ile, na Emma mwenyewe akawa karibu kumfuata. Kumbukumbu za mama yake Joseph zinaeleza jinsi Harris alivyofika nyumbani kwao akiwa amechelewa, akakaa mezani, akashika kisu na uma kisha akaviangusha, akilia kwamba ameipoteza nafsi yake. Na Joseph akaruka kutoka kitini akisema kwamba yote yamepotea. Mtu yeyote aliyewahi kushughulika na mswada wenye nakala moja tu anaijua hofu hiyo. Ufunuo uliofuata ulisema sehemu ile isitafsiriwe upya, kwa sababu maadui wangeweza kuibadili nakala iliyoibwa na kudai kwamba zinapingana. Badala yake habari za kipindi hicho zingetolewa kwenye mabamba mengine madogo. Wakosoaji hulitaja jambo hili kama ushahidi wa wazi dhidi yake, na sidhani kwamba hoja yao ni ya kupuuzwa. Hata hivyo tukio hilo lilimwachia funzo la kikazi ambalo lilidumu: mswada uliofuata, ulioandikwa kwa sehemu kubwa na mwalimu kijana aliyeitwa Oliver Cowdery kati ya Aprili na mwisho wa Juni 1829, ulinakiliwa kwa mkono, na kwa sehemu kubwa nakala hiyo ndiyo iliyokwenda kwa mpiga chapa.

Mpiga chapa huyo alikuwa Egbert Grandin wa Palmyra, kijana wa umri wa miaka 23 aliyemiliki gazeti la mji. Mwanzoni alikataa kazi hiyo. Alikubali baada ya Harris kuliweka shamba lake rehani mwezi Agosti 1829 ili kudhamini dola 3,000, gharama ya nakala 5,000. Idadi hiyo ilikuwa kubwa mno kwa mji mdogo kama ule, na kwa kitabu ambacho wakazi wake wengi walikuwa wameshaapa kwamba hawatakinunua. Kila karatasi ilipita kwenye mtambo wa mkono na kutoa kurasa 16, na ili kupata kitabu kimoja zilihitajika karatasi 37. Hyrum, kaka yake Joseph, alileta mswada kidogo kidogo, kurasa 24 kwa mara ya kwanza, akiwa ameuficha chini ya kizibao na kufunga vifungo vya koti juu yake, na jioni alirudi nao nyumbani. John Gilbert, mpangaji wa herufi, alikumbuka uzeeni kwamba mswada ule haukuwa na alama za uakifishaji, na kwamba yeye ndiye aliyetia nukta na mikato, mara nyingine kwa penseli juu ya mswada wenyewe. Mamilioni ya watu wanaosoma kitabu hicho leo, wakiwamo wanaokisoma kwa Kiswahili kwa jina la Kitabu cha Mormoni, wanapumzika mahali ambapo fundi asiyekiamini aliamua wapumzike, au mahali ambapo wahariri waliomfuata waliyarekebisha maamuzi yake.

Nitaeleza pia habari za miswada yenyewe, kwa kuwa inaonyesha uthamani ambao karatasi hizo zilikuja kupata. Mswada wa awali Joseph aliuweka mwaka 1841 ndani ya jiwe la pembeni la jengo lililokuwa likijengwa Nauvoo, Illinois. Lilipofunguliwa mwaka 1882 unyevu ulikuwa umeuharibu, na sehemu iliyosalia leo ni kama asilimia 28. Ile nakala iliyokwenda kwa Grandin ilihifadhiwa na familia za Cowdery na Whitmer, ikapita kwenye mikono ya tawi lililobaki mashariki kanisa lilipogawanyika, na mwaka 2017 kanisa lililohamia Utah liliinunua kwa dola milioni 35.

Kitabu kilitangazwa kuuzwa tarehe 26 Machi 1830. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 6 Aprili, kanisa liliundwa rasmi kwenye nyumba ya familia ya Whitmer huko Fayette. Mpangilio huo wa tarehe ni wa maana, kwa sababu wahubiri wa kwanza walitoka wakiwa tayari na kitu cha kumwachia mtu mkononi. Mwaka huo huo kitabu kilifika Ohio, kikamfikia mhubiri maarufu Sidney Rigdon, ambaye alibatizwa pamoja na wengi wa kundi lake, na mwanzoni mwa 1831 Joseph akahamishia makao yake Kirtland, karibu nao. Harris aliuza sehemu ya shamba lake mwaka huo ili deni la Grandin lilipwe.

Kirtland inastahili kuelezwa kwa urefu kuliko nitakavyofanya. Hapo ndipo lilipojengwa hekalu la kwanza, likawekwa wakfu tarehe 27 Machi 1836. Ndipo Elijah Abel, mtu mweusi, alipotawazwa kuwa mzee wa kanisa mwaka huo huo. Na ndipo taasisi ya fedha iliyoanzishwa na viongozi ilipoanguka mwaka 1837, ikiacha waumini wengi wakiwa na noti zisizo na thamani na imani iliyovunjika. Joseph aliondoka usiku mwezi Januari 1838 kuelekea Missouri.

Missouri ilikuwa na majeraha yake tayari. Mwaka 1831 Joseph alikuwa ametangaza kwamba mji wa Sayuni utajengwa Independence, kwenye mpaka wa magharibi wa nchi, na waumini mamia kwa mamia wakahamia huko. Walikuwa watu wa kaskazini katika jimbo la watumwa, walinunua ardhi kwa pamoja, walipiga kura kwa pamoja, na walisema wazi kwamba nchi ile wamepewa na Mungu. Wenyeji walikuwa na sababu za kuhofia. William Phelps, mhariri wao, aliendesha hapo kiwanda cha chapa kwenye jengo la matofali la ghorofa mbili, akitoa gazeti na kuandaa mkusanyo wa mafunuo ya Joseph ulioitwa Kitabu cha Amri. Mwezi Julai 1833 alichapa makala iliyoeleza sheria zinazowahusu watu weusi huru wanaotaka kuingia Missouri. Wenyeji wakaisoma kama mwaliko kwa watu hao, na ingawa Phelps aliharakisha kutoa karatasi ya kukanusha, maneno yalikuwa yameshatoka.

Tarehe 20 Julai umati wa mamia ya watu uliwataka Wamormoni wafunge kiwanda na kuondoka. Walipoomba muda wa kufikiri, umati ulilibomoa jengo, ukautupa mtambo kutoka ghorofani, na ukamburuta askofu Edward Partridge hadi uwanjani, ukampaka lami na kummwagia manyoya. Wasichana wawili, Mary Elizabeth Rollins mwenye miaka 15 na mdogo wake Caroline mwenye miaka 13, waliona karatasi kubwa zilizochapwa zikitupwa nje. Walizikumbatia kadiri mikono yao ilivyoweza kubeba, wakapita penye uwazi wa uzio, wakakimbilia katikati ya shamba la mahindi, wakazilaza chini na kulala juu yake, huku wakisikia wanaume wakipekua mahindi karibu nao. Nakala chache za Kitabu cha Amri zilizopo leo zilitokana na karatasi zilizookolewa siku ile. Zina kurasa 160 na zinakatika kabla kitabu hakijakamilika. Ninakiri kwamba katika historia yote hii hakuna watu ninaowaheshimu kuliko watoto hao wawili.

Kabla mwaka haujaisha waumini walifukuzwa kutoka wilaya hiyo, na miaka mitano baadaye wakafukuzwa kutoka jimbo zima. Safari hii wao pia walikuwa wamebeba silaha na kuchoma nyumba za watu, na asiyelisema hilo hatendi haki. Lakini amri aliyoitoa gavana Lilburn Boggs tarehe 27 Oktoba 1838, kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe, haikuwa na kipimo chochote cha haki. Siku tatu baadaye watu 17 waliuawa kwenye kijiji cha Haun's Mill, mmoja wao akiwa mtoto wa miaka kumi. Joseph alifungwa majira yote ya baridi katika jela ya mji wa Liberty. Amri ile ilifutwa rasmi mwaka 1976.

Illinois iliwapokea wakimbizi hao kwa huruma ya kweli. Kwenye kingo za mto Mississippi, mahali palipokuwa na matope na malaria, walijenga Nauvoo, na katika miaka michache mji huo ulishindana na Chicago kwa idadi ya watu. Wamishenari waliotumwa Uingereza tangu 1837 walileta maelfu ya mafundi na vibarua kutoka miji ya viwanda. Mwanamke mweusi huru, Jane Manning, alitoka Connecticut na jamaa zake mwaka 1843, akakataliwa kupanda mashua huko Buffalo kwa sababu ya rangi yake, akatembea kwa miguu mamia ya maili hadi Nauvoo, akapokelewa nyumbani kwa Joseph na Emma. Joseph alikuwa sasa meya, jenerali wa jeshi la mji, na mwaka 1844 akawa mgombea urais wa Marekani. Mamlaka ya aina hiyo, yaliyokusanyika kwa mtu mmoja, yangeyaponza hata maisha ya mtu mwangalifu zaidi.

Na alikuwa na siri. Kitabu cha Mafundisho na Maagano cha mwaka 1835, kilichokusanya mafunuo ya Joseph, kiliwatangazia watu wote kwamba mwanamume awe na mke mmoja. Kwa faragha Joseph alikuwa akioa wanawake wengine, na Kanisa lenyewe lilikiri mwaka 2014 kwamba huenda walikuwa kati ya 30 na 40. Baadhi yao walikuwa wake za watu. Mmoja wao alikuwa Mary Elizabeth, yule msichana wa shamba la mahindi, aliyeunganishwa naye mwaka 1842 akiwa tayari na mume. Ufunuo unaohalalisha ndoa hizo uliandikwa tarehe 12 Julai 1843. Hyrum aliuchukua na kumsomea Emma, akarudi akisema hajawahi kukaripiwa namna ile maishani mwake. Karatasi ile ya kwanza ilichomwa moto, lakini nakala yake ilikuwa imeshatolewa na kuhifadhiwa.

William Law, mhamiaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa mmoja wa washauri wawili wa Joseph katika uongozi wa juu wa kanisa, alishindwa kuvumilia. Yeye na wenzake walinunua mtambo, na tarehe 7 Juni 1844 wakatoa toleo la kwanza la gazeti lao, Nauvoo Expositor. Wengi hudhani lilikuwa gazeti la maadui wa dini, lakini waandishi wake waliandika kwamba wanaiamini dini ile kama ilivyofundishwa mwanzoni. Walichapa hati za kiapo za watu waliosema wameusoma au kusomewa ufunuo wa ndoa, akiwamo Jane, mke wa Law. Baraza la mji, Joseph akiwa mwenyekiti wake, lilikutana siku mbili na kulitangaza gazeti hilo kuwa kero kwa umma. Jioni ya tarehe 10 Juni mkuu wa usalama wa mji na watu wake waliuvunja mtambo, wakamwaga herufi barabarani na kuzichoma karatasi.

Hapa sitaki kuuma maneno. Watu waliokuwa wameona kiwanda chao kikibomolewa Independence, na walioomba serikali mara kwa mara iwape haki kwa kosa hilo, walifanya jambo lile lile kwa wenzao. Ninaelewa hofu yao. Walikuwa wamejifunza kwa damu kwamba gazeti linaweza kuita umati. Lakini yaliyoandikwa kuhusu ndoa kwenye gazeti lile yalikuwa kweli katika kiini chake, na Joseph alijua.

Umati uliitwa na gazeti jingine. Thomas Sharp, mhariri wa mji jirani wa Warsaw, aliwataka raia wajibu kwa baruti na risasi. Gavana Thomas Ford aliahidi usalama, Joseph na Hyrum wakajisalimisha katika mji wa Carthage, na tarehe 27 Juni, saa kumi na moja jioni hivi, watu waliojipaka rangi nyusoni walipanda ngazi za jela. Hyrum alipigwa risasi kupitia mlangoni akafa hapo hapo. Joseph, aliyekuwa ameingiziwa bastola, alifyatua risasi akawajeruhi baadhi yao, kisha akapigwa akiwa dirishani na kuangukia nje. Alikuwa na miaka 38. Sharp na wenzake wanne walisimamishwa mahakamani mwaka uliofuata, wakaachiwa huru.

Kanisa liligawanyika. Wengi walimfuata Brigham Young, wakavuka mto kuanzia Februari 1846, na yeye akafika kwenye bonde la Ziwa la Chumvi, ambako leo ni Utah, tarehe 24 Julai 1847. Jane Manning alikuwa miongoni mwa waliofika mwaka huo. Emma alikataa kwenda. Alibaki Nauvoo na watoto wake, na hadi mwaka wa kifo chake, 1879, aliendelea kukana kwamba Joseph aliwahi kuwa na mke mwingine, na mwanawe mkubwa aliongoza tangu 1860 kanisa lililosimamia kanusho hilo.

Waliokwenda magharibi walibeba mtambo wa chapa, na mwaka 1850 wakaanza kutoa gazeti la Deseret News. Mwezi Agosti 1852, wakiwa mbali na umati wowote, viongozi walisimama hadharani na kutangaza ndoa za wake wengi. Tarehe 14 Septemba gazeti lao lilitoa toleo maalumu lenye ufunuo wa mwaka 1843 neno kwa neno, kutoka kwenye ile nakala iliyosalimika moto. Lilikuwa na yale ambayo Jane Law alikuwa ameyaapia miaka minane kabla, kwenye gazeti ambalo herufi zake zilimwagwa barabarani.